Alan Turing: Msomi aliyeipa mashine sikio la binadamu

MAKANGA wa matatu katika Barabara ya Jogoo, Makadara, jijini Nairobi, hurudia maneno yale yale kutwa nzima. Abiria aliyeyazoea hujua gari liendako hata kabla ya mwito kukamilika. Ni mazoea kama hayo ya usemi yaliyomsaidia marehemu Alan Turing kufichua siri za vita.

Mwanahisabati huyo alizaliwa London mnamo Juni 23, 1912. Baba yake alikuwa mtumishi wa serikali ya kikoloni nchini India, hivyo sehemu kubwa ya utoto wake alilelewa Uingereza na watu wasio jamaa zake. Mnamo 1936, akiwa Chuo Kikuu cha Cambridge, alieleza jinsi mashine moja inavyoweza kufuata maagizo ya kila aina yaliyoandikwa kwa alama. Wazo hilo ndilo msingi wa tarakilishi.

Vita Vikuu vya Pili vilipozuka mwaka wa 1939, alijiunga na wafichuzi wa siri huko Bletchley Park. Wajerumani walificha ujumbe wao kwa mashine iitwayo Enigma. Akiendeleza kazi ya wanahisabati wa Poland, Turing alibuni mtambo wa kuchuja mipangilio yake, kwa kuanzia na maneno yaliyokisiwa kuwemo, kwa mfano yale ya ripoti za hali ya hewa. Kazi ya kufichua siri ilifika hata Mombasa, ambako mnamo 1942 Waingereza walitumia Shule ya Allidina Visram kusoma ujumbe wa Wajapani.

Mwaka wa 1950 alipendekeza mtihani: mashine ijadiliane na mtu kwa maandishi, na ionekane iwapo atashindwa kuitofautisha na binadamu.

Taifa alilolitumikia halikumhurumia. Mnamo 1952 alihukumiwa kwa uhusiano wake na mwanamume mwenzake, akalazimika kutumia homoni ili aepuke jela. Alifariki Juni 7, 1954 kwa sumu akiwa na umri wa miaka 41, na uchunguzi ukaamua kwamba alijiua. Msamaha wa Malkia ulitolewa 2013.

Leo kijana wa Makadara huiandikia mashine kwa simu, ikamjibu kwa Kiswahili sanifu. Akitumia Sheng ya mtaani, huenda ikababaika, kwani mashine hujifunza kutokana na yaliyoandikwa. Lugha isiyoandikwa haina nafasi katika mtihani wa Turing.