Ian Donald (1910–1987): Daktari Aliyetumia Mwangwi Kuona Mji wa Mimba

Mtahiniwa, katika mada ya sauti umejifunza kwamba mwangwi ni sauti inayogonga kitu na kurudi. Katika mada ya uzazi umejifunza viungo vya uzazi vya mwanamke. Maisha ya Ian Donald yanaunganisha mada hizo mbili.

Donald alizaliwa Uingereza mwaka 1910, akasoma Afrika Kusini, kisha akarudi London kusomea udaktari. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia alitumikia jeshi la anga, akafahamu rada na sona, mitambo inayotambua vitu vilivyo mbali kwa mawimbi yanayorudi. Mwaka 1954 akawa profesa wa ukunga katika Chuo Kikuu cha Glasgow, Uskoti.

Kiwanda kimoja cha boila karibu na Glasgow kilitumia ultrasaundi kutafuta nyufa ndani ya chuma. Ultrasaundi ni sauti yenye mitetemo zaidi ya 20,000 kwa sekunde. Sikio la binadamu haliisikii. Mwaka 1955 Donald alipeleka kiwandani humo uvimbe uliotolewa kwa wagonjwa. Akaona kwamba uvimbe mgumu na uvimbe wenye maji hurudisha mwangwi tofauti. Pamoja na mhandisi Tom Brown na daktari John MacVicar, akaendeleza mashine ya kupimia wagonjwa.

Madaktari wengi walikuwa na shaka. Ndipo akaletwa mwanamke aliyeambiwa ana saratani ya tumbo isiyotibika kwa upasuaji. Mashine ilionyesha uvimbe wenye maji kwenye ovari. Akapasuliwa, akapona. Matokeo ya kazi yao yalichapishwa mwaka 1958.

Leo kipimo hiki kipo hata hospitali za Temeke na Mwananyamala, wala si cha wajawazito pekee. Wasichana wachache huzaliwa na mji wa mimba uliogawanywa na ukuta katikati, wenye pembe mbili, au bila mji wa mimba kabisa. Msichana aliyefika miaka 15 bila kuvunja ungo, au anayeumwa sana tumbo kila mwezi, aende hospitali; asidhani amerogwa. Ultrasaundi humwonyesha daktari hali ya ndani bila kisu wala mionzi. Figo nazo hutazamwa, kwa kuwa mara nyingi kasoro hizo huambatana na kasoro za figo.

Zingatia: Donald aligundua pia kwamba kibofu kilichojaa mkojo hurahisisha kuuona mji wa mimba. Ndiyo maana mgonjwa huambiwa anywe maji mengi kabla ya kupimwa.

Swali la kujipima: Mwangwi umerudi baada ya sekunde 0.0001. Ikiwa sauti husafiri mwilini kwa kasi ya mita 1,540 kwa sekunde, kiungo kiko umbali gani?

Jibu: (1,540 × 0.0001) ÷ 2 = mita 0.077, yaani sentimita 7.7. Usisahau kugawanya kwa 2, kwa sababu sauti imekwenda na kurudi.