Askofu Edward Steere, Mtu wa Sala na wa Chokaa

Katika Jubilei hii twataka kukumbusha habari za Askofu Edward Steere, ambaye wengi humjua kwa jina tu. Sisi tukaao Makangale, kaskazini ya Pemba karibu na msitu wa Ngezi, twaona shida kumkumbuka Mungu wakati jembe au wavu uko mkononi. Na walimu husema, nafasi ya kusali haipo, madaftari ni mengi. Basi tumtazame mtu huyu, ambaye kazi zake zilizidi zetu.

Alizaliwa mwaka 1828 katika Uingereza, akasoma sheria, kisha akawa kasisi. Mwaka 1864 alifika Unguja pamoja na Askofu Tozer. Mkewe alibaki kwao, na upweke huo akauchukua miaka mingi. Siku zile watu waliuzwa sokoni mfano wa mbuzi, na wengi wao wakaletwa huku kwetu Pemba kutumika katika mashamba ya mikarafuu. Sultani Barghash alilifunga soko mwaka 1873, na siku ya Krismasi ya mwaka ule ule jiwe la msingi la kanisa likawekwa pale pale Mkunazini. Mwaka 1874 Steere akawekwa kuwa askofu.

Hapa twapenda kukaa kidogo. Askofu huyu hakuwaachia mafundi kazi, akakaa kivulini. Alisimama nao katika vumbi la chokaa na matumbawe, hata dari la tao likafungwa juu ya vichwa vyao. Madhabahu, kama wazee wasimuliavyo, iliwekwa mahali pa mti waliofungwa watumwa kupigwa viboko. Basi aliyeinua macho kutoka kazini aliona pale. Tena husimuliwa ya kuwa safari moja, askofu alipokuwa hayupo, mafundi walizisimamisha nguzo kadha wa kadha kichwa chini, nazo zikaachwa hivyo hivyo. Sisi twafurahi kwamba hazikubomolewa.

Siku ya Krismasi ibada ya kwanza ikafanyika humo. Lakini kazi ya mawe haikuwa peke yake. Aliwafundisha vijana waliokombolewa kupiga chapa, akatoa kitabu cha sarufi na kitabu cha hadithi mwaka 1870, akafasiri Maandiko kwa Kiswahili. Na afasiriye Injili hawezi kumwacha Mungu mlangoni: kila neno hana budi kulipima, je, lasema kweli yake Bwana, na mvuvi atalielewa? Kwa hukumu yetu, hiyo nayo ni sala.

Mwaka 1876 aliongoza watumwa waliopewa uhuru kuelekea Nyasa, wakakaa Masasi. Tarehe 27 Agosti 1882 akafa Unguja, wakamzika nyuma ya madhabahu ile.