Anandaram Dhekial Phukan, Mtetezi wa Lugha ya Darasani

Mwalimu yeyote aliyepata kumsikia mtoto akisoma ukurasa mzima kwa sauti kubwa, huku haelewi maana ya anayoyasoma, anajua kwamba kusoma kwa namna hiyo si kusoma. Tatizo hili ni la zamani, na limewakabili walimu wa nchi nyingi. Katika makala haya tutayatazama maisha ya mtu mmoja wa Assam, jimbo lililoko kaskazini mashariki ya India, aliyelishughulikia tatizo hilo kwa bidii na kwa hoja. Mtu huyo ni Anandaram Dhekial Phukan. Aliishi miaka 29 tu, lakini kazi yake haikufa naye.

Nchi yake na lugha yake

Assam ni bonde refu la mto Brahmaputra, lililozungukwa na milima karibu pande zote. Upande wa magharibi bonde hilo hufunguka kuelekea nchi ya Wabengali. Lugha ya watu wengi wa bonde hilo ni Kiassam. Kiassam na Kibengali ni ndugu wa tumbo moja, kwa kuwa zote mbili zilitokana na lugha ya kale ya mashariki ya India iitwayo Kimagadhi, ambayo nayo ni ya ukoo wa Kisanskriti. Hata herufi za kuandikia ni zile zile, isipokuwa chache tu. Mtu anayeyatazama maandishi ya lugha hizi juu juu aweza kudhani kwamba ni lugha moja.

Lakini Kiassam kilikuwa na majirani wengine pia. Milimani na bondeni waliishi watu wa lugha za ukoo wa Tibet na Burma, kama vile Wabodo na Wanaga. Tena, mnamo mwaka 1228, waliingia Waahom kutoka mashariki, watu wenye lugha ya ukoo mmoja na Kithai, wakaanzisha ufalme uliodumu karibu miaka 600. Wafalme hao walikuja na lugha yao na maandishi yao, wakaandika habari za utawala wao katika vitabu viitwavyo buranji. Hata hivyo, kadiri miaka ilivyopita, waliiacha lugha ya babu zao wakakitwaa Kiassam, hata buranji zenyewe zikaandikwa kwa lugha hiyo. Hivyo watawala walijifunza lugha ya raia wao. Yafaa tulikumbuke jambo hili, kwa maana watawala waliowafuata walifanya kinyume chake.

Kuzaliwa na kukua

Mwanzoni mwa karne ya 19 majeshi ya Burma yaliivamia Assam mara kadhaa, yakaiacha nchi ukiwa. Waingereza waliyashinda majeshi hayo, na kwa mkataba wa Yandabo wa mwaka 1826 wakaitwaa nchi. Miaka mitatu baadaye, mwaka 1829, Anandaram alizaliwa katika mji wa Guwahati. Jina la Phukan lilikuwa cheo cha maofisa wa wafalme wa Ahom, maana jamaa zake walikuwa watu wa utawala na wa elimu. Baba yake, Haliram, aliandika historia ya Assam ambayo ilichapishwa mwaka ule ule aliozaliwa mtoto. Nayo aliiandika kwa Kibengali. Haliram alifariki mwaka 1832, wakati mwanawe alikuwa bado mdogo sana.

Mwaka 1836, Anandaram alipokuwa mtoto wa miaka saba hivi, serikali ya Waingereza ilikifanya Kibengali kuwa lugha ya mahakama na ya shule katika Assam. Sababu zake hazikuwa ngumu kuziona. Assam ilikuwa ikitawaliwa kutoka Calcutta, mji mkuu wa Bengal. Makarani waliozifahamu sheria na taratibu za ofisi za Kiingereza walikuwa wengi huko, na wachache katika Assam. Aidha, maofisa wengi waliamini kwamba Kiassam si lugha kamili, bali ni Kibengali kilichoharibika vinywani mwa watu wa mashambani. Kutokana na imani hiyo waliona kwamba kuwafundisha watoto kwa Kibengali ni kuwasahihisha tu.

Hebu tumfikirie mtoto wa mkulima katika shule ya namna hiyo. Vitabu vimeletwa kutoka Bengal, na mara nyingi mwalimu pia hutoka huko. Mtoto anakutana na maneno anayoyafahamu nusu nusu, na anapojibu kwa lugha ya nyumbani anaambiwa kwamba amekosea. Anajifunza mambo mawili kwa wakati mmoja: somo asilolielewa vizuri, na aibu kwa lugha ya mama yake.

Masomo ya Calcutta

Anandaram alionekana mapema kuwa na akili nyepesi ya kujifunza. Mwaka 1841, kwa msaada wa Francis Jenkins, ofisa mkuu wa Waingereza katika Assam, alipelekwa Calcutta kusoma katika Hindu College, chuo kilichosifika sana siku zile. Huko alijifunza Kiingereza na elimu ya nchi za Ulaya, na akakifahamu Kibengali barabara. Alirudi kwao mwaka 1844, akaingia katika kazi ya serikali, na baadaye akawa ofisa katika wilaya kadhaa, zikiwamo Barpeta na Nagaon.

Ni lazima tuelewe jambo moja hapa. Anandaram hakuwa adui wa Kibengali. Alikisoma, alikiandika, na aliwaheshimu wanavyuoni wake. Kwa sababu alizijua lugha zote mbili kwa undani, aliweza kuona vizuri mahali zinapokutana na mahali zinapoachana. Mtu ajuaye lugha moja tu hawezi kulinganisha.

Kitabu cha watoto

Kabla ya kubishana na serikali, Anandaram alianza kwa kutenda. Wamisionari Wabaptisti kutoka Marekani walikuwa wameweka mtambo wa kupigia chapa huko Sibsagar, na kuanzia Januari 1846 walitoa gazeti la Kiassam lililoitwa Orunodoi, yaani mapambazuko. Mkuu wa kazi hiyo alikuwa Nathan Brown, ambaye mwaka 1848 alitoa kitabu cha sarufi ya Kiassam. Anandaram aliandika katika gazeti hilo habari za nchi za mbali, ili wasomaji waone kwamba lugha yao yaweza kubeba elimu ya dunia.

Mwaka 1849, akiwa kijana wa miaka 20 hivi, alitoa kitabu cha shule kilichoitwa Asomiya Lorar Mitra, maana yake rafiki wa watoto wa Assam. Ndani yake aliweka maarifa ya jumla na mafunzo ya adabu katika lugha rahisi. Waliodai kwamba Kiassam hakifai kufundishia sasa walikuwa na kitabu cha kufundishia mbele ya macho yao.

Hoja mbele ya serikali

Mwaka 1853 jaji mmoja wa Kiingereza, A. J. Moffatt Mills, alitumwa kuuchunguza utawala wa Assam. Anandaram alimpelekea waraka mrefu. Alieleza hali ya kilimo na mahakama, akalaani madhara ya afyuni, akaomba shule ziongezwe, na akasisitiza kwamba watoto wafundishwe kwa Kiassam. Mills alikubali kwamba malalamiko juu ya lugha yalikuwa ya haki.

Lakini wapinzani hawakukosekana. Mmoja wao alikuwa William Robinson, mkaguzi wa shule. Ajabu ni kwamba mwaka 1839 Robinson mwenyewe alikuwa ameandika kitabu cha sarufi ya Kiassam. Hata hivyo alishikilia kwamba shule ziendelee na Kibengali.

Mwaka 1855 Anandaram alijibu kwa kitabu kidogo cha Kiingereza juu ya lugha ya Kiassam na elimu ya lugha za wenyeji. Hakuweka jina lake. Alijiita mwenyeji tu. Hakutukana wala hakulalamika. Alilinganisha maneno na sarufi ya lugha mbili, kisha akaorodhesha vitabu vingi vilivyoandikwa kwa Kiassam zamani kabla ya Waingereza kufika. Madhava Kandali alikuwa ameitia Ramayana katika Kiassam tangu karne ya 14, na Sankardev, aliyefariki mwaka 1568, aliacha nyimbo za dini na michezo ya kuigiza. Lugha yenye hazina kama hiyo haiwezi kuitwa makosa ya lugha nyingine.

Udugu si utumwa

Wataalamu wa lugha waliokuja baadaye wamezidi kuithibitisha hoja hiyo. Tutazame mifano mitatu ambayo msomaji wa Kiswahili ataielewa kwa urahisi.

Kwanza, sauti. Mahali ambapo Kibengali hutamka sh, mara nyingi Kiassam hutamka kh kama katika neno letu kheri. Jina lenyewe la nchi, ambalo Wabengali hulitamka Ashom, wenyewe hulitamka Okhom. Kadhalika, ch ya Kibengali imekuwa s katika Kiassam, hata chai ambayo Mbengali huiita cha, Mwassam huiita sah.

Pili, ukanushaji. Kwa Kibengali, nafanya ni kori, na sifanyi ni kori na. Neno la kukanusha hufuata kitenzi. Kwa Kiassam, nafanya ni koru, na sifanyi ni nokoru. Kikanushi hutangulia na kushikamana na kitenzi, kama ilivyo katika Kiswahili chetu.

Tatu, majina ya jamaa. Kwa Kiassam, mama yangu ni ma, mama yako ni mar, mama yake ni mak. Sisi tusemao mamako na mamake hatushangai. Kibengali hakina utaratibu huo, lakini Kibodo kinao wa namna yake: baba yangu ni afa, baba yako ni namfa, baba yake ni bifa. Yaelekea kwamba Kiassam kilizaliwa katika ukoo mmoja na Kibengali, lakini kilikulia miongoni mwa majirani wengine, kikachukua tabia zao. Nacho pia kiliwapa majirani: huko Nagaland, watu wa makabila yasiyosikilizana huzungumza Kinagami, lugha ya sokoni iliyotokana na Kiassam.

Baada ya kifo chake

Anandaram alifariki mwezi Juni 1859, kabla hajayaona matunda ya kazi yake. Wenzake waliiendeleza. Mwaka 1867 Miles Bronson alitoa kamusi ya Kiassam na Kiingereza, na mwaka 1873 serikali ilikirudisha Kiassam katika mahakama na shule za bonde la Brahmaputra. Kibengali kilikuwa kimetawala humo miaka 37. Mwaka 1880 Gunabhiram Barua alichapisha kitabu cha maisha ya Anandaram, na mwaka 1884 binti yake Anandaram, Padmavati Devi Phukanani, alichapisha hadithi ambayo ni miongoni mwa hadithi ndefu za kwanza za Kiassam.

Hata hivyo historia haikuishia katika ushindi. Mwaka 1960 bunge la Assam lilipitisha sheria ya kukifanya Kiassam kuwa lugha rasmi ya jimbo. Wakazi wa bonde la Barak, ambao wengi wao ni wasemaji wa Kibengali, waliipinga, na tarehe 19 Mei 1961 watu 11 waliuawa kwa risasi za polisi katika mji wa Silchar. Baadaye Kibengali kilikubaliwa kwa kazi za serikali katika sehemu hiyo. Nao Wabodo walidai watoto wao wafundishwe kwa lugha yao. Kuanzia mwaka 1963 Kibodo kiliingia katika shule za msingi. Hivyo hoja ile ile iliyowatetea Waassam mbele ya Waingereza iliwatetea majirani zao mbele ya Waassam. Mwezi Oktoba 2024 serikali ya India ilivipa Kiassam na Kibengali heshima ya kuwa lugha za kale zenye fasihi kuu, zote mbili kwa siku moja.

Mafunzo kwa mwalimu

Maisha haya yanampa mwalimu mafunzo matatu. La kwanza ni kwamba lugha mbili kufanana hakufanyi moja iwe makosa ya nyingine. Mtoto anapoleta darasani sauti au neno la kwao, mwalimu asiharakishe kumcheka wala kumkaripia. Kwanza achunguze neno hilo limetoka wapi, kisha amwonyeshe mtoto njia ya kutoka usemi wa nyumbani hadi lugha sanifu ya shule. La pili ni kwamba mwalimu hana budi kujifunza lugha ya wanafunzi wake, kama walivyofanya wafalme wa Ahom, ingawa walikuwa na nguvu za kukataa. La tatu ni kwamba hoja isiyo na kazi nyuma yake ni dhaifu. Anandaram aliandika kitabu cha watoto kwanza, akabishana baadaye.

Maswali ya kujadili

1. Taja maneno matano ambayo wanafunzi wa mahali unapofanyia mazoezi ya kufundisha huyatamka au kuyatumia tofauti na Kiswahili sanifu. Kila moja limetokana na nini?

2. Eleza jinsi utakavyomsahihisha mwanafunzi atumiaye neno la kwao bila kumfanya aionee haya lugha ya nyumbani.

3. Je, darasa lenye watoto wa lugha nyingi lifundishwe kwa lugha gani? Toa sababu zako, ukikumbuka yaliyotokea Assam mwaka 1836 na mwaka 1961.