Pietro Bembo na mkazo wa Kiitalia

Pietro Bembo alizaliwa Venezia mwaka 1470. Kwao walisema Kivenezia, si lugha ya Firenze, lakini baba yake Bernardo alitumwa balozi Firenze, na mtoto akaizoea lugha hiyo mapema. Alipokuwa kijana alikwenda Messina kujifunza Kigiriki kwa Lascaris. Nadhani hapo ndipo alipozoea kuuona mkazo, kwa maana Wagiriki huuandika kwa alama juu ya irabu.

Mwaka 1501 alitayarisha mashairi ya Petrarca, naye Aldo Manuzio akayapiga chapa. Ndani yake mlikuwa na apostrofi na alama za mkazo, vitu vilivyokuwa vigeni katika vitabu vya Kiitalia. Sisi wa Kiswahili tunaweza kuliona jambo hilo dogo, kwa kuwa mkazo wetu karibu daima hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Kiitalia sivyo. Neno ca-pi-ta-no lina silabi nne. Ukikaza ya kwanza, ni kitenzi: mambo hutokea. Ukikaza ya tatu, ni nahodha. Ukikaza ya mwisho, ni mtu aliyeongoza, na huyo peke yake huandikwa kwa alama: capitanò. Vilevile canto ni naimba, cantò ni aliimba. Alama moja hubadili mtenda na wakati.

Mwaka 1525 Bembo alitoa Prose della volgar lingua. Katika sehemu ya pili alieleza kwamba mkazo wa mwisho hulipa neno uzito, na ule wa silabi ya tatu kutoka mwisho hulipa wepesi. Sehemu ya tatu ni sarufi, vitenzi vikiwemo. Kielelezo chake kilikuwa Petrarca na Boccaccio, waliokufa karne ya 14. Wengi walimpinga, lakini waandishi wa Italia wakamfuata. Alifanywa kardinali mwaka 1539, akafa Roma mwaka 1547.

Mimi namkumbuka kwa sababu moja. Lugha aliyoiwekea kanuni hakuipata kwa mama yake. Aliisoma, akahesabu silabi zake. Katika fakulte yetu wapo wanaoambiwa kwamba Kiswahili sanifu ni cha watu wa pwani, Wakongo tukiazime tu. Maisha ya Bembo yanawajibu.