Boudreau: Aliyenusurika kuachwa akaleta ubingwa

Shabiki wa soka wa Waa, Kaunti ya Kwale, angeshangaa kumwona kocha akiwahamishia walinzi karibu wote upande mmoja na kuuacha mwingine wazi. Katika besiboli ya Marekani, marehemu Lou Boudreau alithubutu kufanya hivyo.

Alizaliwa mwaka 1917 katika jimbo la Illinois. Akiwa na umri wa miaka 24 alikabidhiwa umeneja wa Cleveland, huku akiendelea kucheza kama mlinzi kati ya kituo cha pili na cha tatu. Julai 14, 1946, baada ya Ted Williams wa Boston kuupiga mpira nje ya uwanja mara tatu katika mechi ya kwanza, Boudreau aliwajaza walinzi upande wa kulia, alikozoea kupiga Williams.

Mwaka 1947 mmiliki wa timu, Bill Veeck, alitaka kumbadilisha na wachezaji wa St. Louis, lakini mashabiki walipinga vikali. Mwaka uliofuata Boudreau aliiongoza Cleveland kutwaa ubingwa na akatuzwa mchezaji bora wa ligi yake.

Alifariki Agosti 10, 2001. Mbinu yake ilizua mjadala hadi ligi kuu ilipoiwekea mipaka mwaka 2023.