O. Henry: Kalamu Iliyopita Houston na Jela



Mimi nasoma uhandisi hapa Arlington, ila usiku naandika hadithi. Mwaka huu zimekataliwa saba. Nilishataka kuacha, mpaka nikasoma maisha ya William Sydney Porter.

Jamaa alizaliwa 1862 North Carolina, akaja Texas 1882. Alifanya kazi benki huko Austin, akaanzisha gazeti lake la vichekesho, likafa 1895. Akahamia Houston, kwa wenzetu, kuandikia gazeti la Post. Mwaka 1896 akakamatwa akidaiwa kuiba fedha za benki, akakimbilia Honduras. Aliposikia mkewe yu mahututi, akarudi mwenyewe. Mke akafariki 1897. Mwaka uliofuata akahukumiwa miaka 5, jela ya Ohio.

Humo alitoa dawa zamu ya usiku, na muda uliobaki akaandika ili apate cha kumtumia bintiye. Hadithi zilipitia kwa rafiki New Orleans, wahariri wasijue zinatoka gerezani. Akatoka 1901, tayari anatumia jina la O. Henry. Akiwa New York akaandikia gazeti la World hadithi moja kila wiki. Pombe ilimmaliza mapema, 1910, akiwa na miaka 47, hapo tusimwige.

Jamani, sisi tunasema muda hatuna, bili nyingi. Ni kweli. Lakini yeye hakungoja mlango wa jela ufunguliwe ndipo aanze. Kesho natuma ya nane.