Simeo Ondeto na Funzo la Kwaresima

Kila mwaka Jumatano ya Majivu inapowadia, wanafunzi wengi wa darasa langu huja shuleni wakiwa na alama ya msalaba wa majivu kwenye paji la uso. Mimi ni mwalimu wa historia hapa Migori, ninayekaribia kustaafu, na mandhari hayo nimeyazoea. Mwaka mmoja, hata hivyo, kijana mmoja aliniuliza iwapo wale wavaao kanzu za rangi na rozari shingoni, wanaopita barabarani kuelekea Got Kwer, nao hufunga Kwaresima. Wenzake waliangua kicheko. Mimi sikucheka, kwa maana swali lile liligusa ufa uliokuwa katika nyumba ya wazazi wangu. Kulijibu sawasawa kwahitaji kusimulia maisha ya mtu mmoja ambaye vitabu vyetu vya shule humtaja kwa sentensi mbili tatu, kisha vikapita.

Mtu huyo ni Simeo Ondeto. Alizaliwa miongoni mwa Wajaluo wa Kano na kulelewa katika imani ya Kikatoliki. Wamisionari wa Mill Hill walikuwa wamefika Kisumu mwaka wa 1903, na baadaye wakaivuka Ghuba na kujenga misheni ya Asumbi, katika eneo ambalo leo ni Homa Bay. Ukatoliki waliouleta ulikuwa wa Misa ya Kilatini, rozari, Njia ya Msalaba na toba kali. Kwa sheria ya Kanisa ya mwaka wa 1917, muumini aliyetimiza miaka 21, na ambaye hajaingia miaka 60, alipaswa kula mlo mmoja tu kamili kila siku ya Kwaresima isipokuwa Jumapili. Kukawa pia na Legio ya Maria, chama cha walei kilichoanzishwa Dublin mwaka wa 1921 na kuletwa Kenya na Edel Quinn mwaka wa 1936. Chama hicho kiliwafunza watu wa kawaida kwamba hata asiye padre aweza kusali, kuwatembelea wagonjwa na kuwafariji wenye huzuni. Hiyo ndiyo ardhi iliyomwotesha Ondeto.

Kati ya mwaka wa 1962 na 1963 mahubiri yake yalivuta umati mkubwa huku Suna. Alihimiza sala na mifungo, akakemea uchawi, akakataza pombe na tumbaku. Aliungwa mkono na mwanamke kijana, Gaudencia Aoko, aliyekuwa amefiwa na watoto wawili siku moja, na ambaye sauti yake iliwafikia wanawake wengi kuliko sauti ya mhubiri yeyote wa kiume. Wawili hao baadaye waliachana, lakini bila Aoko historia ya Ondeto haisimami. Wake wa ndoa za mitala, waliokuwa wamenyimwa ubatizo na misheni, walipata mahali pa kupiga magoti. Wagonjwa waliombewa. Katika muda mfupi makumi ya maelfu ya watu walimfuata, wengi wao wakiwa Wakatoliki.

Jimbo Katoliki la Kisii, lililotawala eneo hili lote, lilikuwa changa. Liliundwa mwaka wa 1960, na askofu wake wa kwanza alikuwa Maurice Otunga, yule aliyefanywa kardinali mwaka wa 1973. Jimbo la Homa Bay, linalozihudumia Homa Bay na Migori hivi leo, lilikuwa bado halijazaliwa. Lilitengwa mwaka wa 1993. Kanisa halikuyakubali mafundisho ya Ondeto, na wafuasi wake wakajitenga. Mwaka wa 1966 walisajiliwa na serikali kuwa kanisa linalojitegemea, lenye papa wake, makardinali, maaskofu, mapadre na watawa. Makao yao makuu yakawa Got Kwer. Kwa Kijaluo, got ni mlima na kwer ni mwiko, kwa hiyo hata jina la mahali hapo linamkumbusha mpandaji kwamba kuna mambo ya kujinyima.

Wafuasi wake walimwita Baba Messias, nao huamini hata sasa kwamba katika yeye Mungu aliwatembelea Waafrika katika mwili wa Mwafrika. Mimi ni Mkatoliki, na imani hiyo siishiriki. Lakini mwalimu wa historia hapimi tukio kwa kipimo cha kanuni yake ya imani, na kuna jambo moja ambalo sisi Wakatoliki hatupendi kulitazama. Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulikutana kuanzia mwaka wa 1962 hadi 1965, na baadaye Kilatini kikaanza kutoweka altareni. Mnamo Februari 1966 Papa Paulo wa Sita alipunguza siku za lazima za kufunga zikabaki mbili, Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu. Mwaka ule ule watu wa Ondeto waliandikishwa, wakiwa na Kilatini chao na mifungo yao. Waliotuacha wakaendelea kuyashika mengi ambayo sisi tulikuwa tukiyaweka chini.

Nimetaja ufa wa nyumbani kwetu. Baba yangu alikuwa katekista karibu na Homa Bay. Dada yake, shangazi yangu, alimfuata Ondeto. Jioni moja ya Ijumaa ya Kwaresima mwaka wa 1975, nikiwa na umri wa miaka 9, shangazi alibisha mlango akiwa na mtoto mgongoni na mvua ikinyesha. Baba alikuwa ametoka kuongoza Njia ya Msalaba, na tangu asubuhi hakuwa ametia kitu kinywani. Aliitazama rozari kubwa shingoni mwa dada yake, kisha akaufunga mlango. Shangazi alilala kwa jirani. Baba aliendelea kufunga hadi Pasaka, wala sikumwona akiruka hata siku moja.

Ondeto alifariki tarehe 5 Septemba 1991 na kuzikwa Got Kwer, ambako mahujaji humiminika mpaka leo. Baba aliposikia habari hizo alinyamaza siku mbili. Siku ya tatu alipanda matatu hadi Migori, si kuabudu, bali kumpa dada yake pole. Ilikuwa imepita miaka 16. Sikupata kujua waliongea nini, ila tangu hapo shangazi alikuwa akija kwetu na kulala kwetu, na rozari yake ikatundikwa ukutani kando ya ile ya baba.

Ndugu msomaji, kuacha nyama Ijumaa si kazi nzito kwa mtu wa Ziwa. Mkazi wa Homa Bay ataiacha nyama kisha aketi mbele ya ngege mnono, na sheria ya Kanisa haitamlaumu. Kadhalika, wapo katika darasa langu watoto wanaoshinda na njaa bila kuiita toba. Mfungo mgumu ni ule alioushindwa baba yangu jioni ile ya mvua, wa kuifunga chuki na kuufungua mlango.

Ndiyo maana nawasihi walimu wenzangu tusimfundishe Simeo Ondeto kama kichekesho cha mwisho wa kipindi. Tuwaeleze wanafunzi alitoka wapi, kwa nini alifuatwa na wengi, na alihifadhi nini, kisha tuwaachie imani wachague wenyewe na wazazi wao. Nanyi wanafunzi, waulizeni bibi zenu wangali hai. Yule kijana nilimjibu kwamba naam, hao nao hufunga. Baada ya kipindi alinifuata hadi ofisini, akaniambia kwa sauti ya chini kwamba nyanya yake ni mmoja wao, na kwamba alikuwa amechoka kusikia akichekwa.